Tochi Chini ya Kawa

Tangu tumzike Mjomba Feruzi sijakaa mahali pamoja nikatulia. Watu wa matanga wananiambia keti, Mama Sifa, miguu itakuuma, nami naketi, halafu najikuta nimesimama tena nikipanga masufuria ambayo yamekwisha kupangwa. Vijana wa ukoo wametundika taa za sola kwenye kila mti wa turubai, na wale waliotoka Pangi wamekuja na tochi za kuvaa kichwani, zile wanazoingia nazo machimboni, hawazivui hata wakiwa wanakula. Ukimsalimia mmoja anakupiga mwanga usoni mpaka unasahau jina lake. Nimewagombeza. "Muzime basi, jua iko bado!" Wanacheka. "Tantini, hii iko nakula paka jua, haiishe." Ni kweli, inakula jua tu, haiishi, na ni nyepesi, na mvua haiingii ndani yake. Wanazitupa juu ya mkeka kama mtu anavyotupa ganda la ndizi. Mimi nikiona tochi imelala mezani peke yake, hata leo, siwezi kukaa kwenye chumba hicho. Nitatafuta kazi nje, na kama kazi haipo nitaibuni.

Habari za ukoo wangu naziacha. Anayetaka kujua nani alimzaa nani, wazee wa Kasongo wapo na wanapenda kuulizwa. Nasimulia mwaka mmoja tu, ule ambao njia zote za Kindu zilifungwa, nami nilikuwa msichana mwenye mchumba, ninaishi kwa Mjomba Feruzi, kaka wa mama yangu, mtaa wa Kasuku, upande wa mjini. Gari moshi lilikuwa haliji tena kutoka kusini. Meli zilikuwa hazipandi. Ng'ambo ya mto, Alunguli, ndiko zinakoanzia njia za kwenda Pangi, Punia na Lubutu, na njia hizo walizishika watu wa porini. Mji wenyewe waliushika askari waliotoka mbali. Sisi tulikuwa katikati, na mashamba yetu yalikuwa nje. Nyumba ya mjomba ilikuwa na sebule yenye madirisha ya mbao, na mwaka ule madirisha yale yalifungwa mchana kutwa, maana risasi haibishi hodi, kwa hiyo hata adhuhuri tulikuwa tunapapasa. Tulipika uani harakaharaka, tukala ndani gizani. Kwanza wali, wali ulipokwisha bugali, na mwishowe sombe, majani ya muhogo, isiyo na chumvi, ambayo mke wa mjomba, Mama Aziza, aliimwagia mawese mengi ili tusahau. Hatukusahau. Taa yetu ilikuwa kibatari cha kopo la samaki kilichotiwa hayo hayo mawese, moshi mwingi kuliko mwanga, na asubuhi sote tulipenga masizi. Tochi ilikuwepo karibu kila nyumba, ila betri, ambazo sisi tunaziita mawe, zilikwisha mjini kabla hata ya sabuni. Watu waliyaanika mawe yaliyochoka juu ya bati kama wanaoanika dagaa. Jioni ukiyarudisha kwenye tochi unapata wekundu kidogo wa kukuonyesha kidole gumba chako, kisha basi.

Sasa lazima nieleze mila, kwa maana bila hiyo hamtaelewa kwa nini nyumba nzima ilishikwa na kitu kidogo kama kile. Kwetu mahari ya msichana haifungwi na mbuzi wala vitenge. Inafungwa na fungu la mjomba, na fungu la mjomba ni taa. Wazee wanasema zamani ilikuwa mwenge, baadaye ikawa taa ya chemli, na mimi nilipopata akili ilikuwa tochi. Mjomba anaipokea kwa mkono wa kuume, mchana kweupe, mbele ya watu. Anaiwasha, anammulika msichana usoni, anasema, "Nimekuona." Hapo msichana ametolewa. Kabla ya hapo, hata kama mbuzi wamekwisha kuliwa na mifupa imetupwa, msichana hajaenda popote, na mwanamume mwingine yeyote ana ruhusa ya kuleta tochi yake, mjomba achague. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mchezo wa wazee wanaotaka kuchezea tochi mpya.

Mchumba wangu aliitwa Asumani, kijana wa Alunguli, mtu wa baiskeli. Kabla ya njia kufungwa alikuwa akisukuma chumvi na sabuni kutoka Lubutu, na alikuwa na misuli migumu ya miguu na maneno machache. Vyote vya mahari alikwisha kuvileta, ikabaki tochi. Asubuhi moja alivuka mto akiwa na shati lililopigwa pasi, akafika na tochi ya bati aliyoiazima kwa babu yake, ndani yake mawe yaliyokaa juani siku kadhaa. Mjomba hakuigusa. Alimwambia Asumani aibonyeze mwenyewe. Ikatoa wekundu.

"Bwana Asumani," mjomba akasema, "hii njo kaa la moto. Mie naomba torshi."

"Muzee, mawe haiko mu muji. Weye mwenyewe unajua."

"Basi utaitafuta kule kwenye iko. Mawe mupya, ikiwa bado na karatasi yake. Haraka haraka haina baraka, mutoto wangu."

Asumani aliniangalia mara moja, akainama kuchukua tochi yake, akatoka. Haukupita muda tukasikia ameitoa baiskeli yake na kushika njia ya Lubutu, katikati ya vita, kutafuta mawe ya tochi. Nilimchukia mjomba. Nasema wazi, ingawa tumemzika juzi: nilimchukia kwa moyo wote. Nilifagia ua uliokwisha kufagiwa, nikafua nguo safi, nikamwekea chakula mbele yake bila kusema karibu. Yeye alikula na kuniambia, "Sombe ya leo iko nzuri," akijua fika kwamba hakuna sombe ya mwaka ule iliyokuwa nzuri. Siku zote nilikuwa nasikiliza upande wa mto. Bunduki zikilia ng'ambo niliacha ufagio, zikinyamaza nilisogea mpaka mlangoni.

Chumba changu na chao vilitenganishwa na ukuta wa mkeka, na saa za mapumziko baada ya chakula nilisikia kila kitu, mpaka kukuna kwao. Siku moja Mama Aziza, ambaye alikuwa na mimba kubwa na hana subira na mtu yeyote, alimwuliza kwa sauti ya chini: "Feruzi, juu ya nini uko natesa huyu mutoto?" Mjomba akasema, "Kwao na Asumani njo Alunguli. Kila siku tuko nasikia bunduki kule. Nikimutoa leo, kesho nitavuka kwenda kumuzika. Nimeomba kitu chenye haiko. Vita ikiisha, mawe itaonekana yenyewe." Mama Aziza akamwuliza, na kama Asumani anafia njiani? "Asumani ni muntu wa njia," mjomba akajibu, lakini nilimsikia akijigeuza kitandani, akajigeuza tena, mpaka mapumziko yakaisha. Nililala chali nikiangalia bati. Hasira haikuniisha. Niliona tu kwamba haina tena pa kukaa, maana mtu niliyemkasirikia alikuwa ananilinda, na kulindwa kwangu kulikuwa kumemtuma mwingine kwenye hatari.

Ndipo akaja kamanda. Nilikuwa nimemwona kisimani mara mbili tatu, amesimama barabarani akitutazama wasichana tunavyojitwisha ndoo, na nilidhani anatazama kama askari wote wanavyotazama. Alikuja mchana, akawaacha walinzi wake uani wakichuma mapapai yetu, akaingia sebuleni, akavua kofia, akamsalimu mjomba kwa adabu kamili. Alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sauti. Upole ule uliniogopesha kuliko bunduki. "Mzee, nimesikia una shida ya tochi," alisema. Bila shaka amesikia, mji mzima ulikuwa unasimulia jinsi Feruzi alivyomrudisha mkwe. Akatoa mfukoni kitu cheusi cha chuma, kidogo hata kufichika kwenye kiganja, kina kitanzi cha kutundikia. "Hii ni ya watu wanaolala porini. Haiogopi mvua." Akaibonyeza. Sijawahi kuona mwanga kama ule. Ulipasua sebule kutoka ukuta hadi ukuta, ukaonyesha utando wa buibui, masizi ya kibatari kwenye dari, tumbo la Mama Aziza, na mimi nyuma ya pazia, ambaye pazia lilikuwa halinisaidii tena chochote. Akaizima, akaiweka mezani.

"Mimi pia nimelelewa na mjomba," alisema. "Sichukui mtoto wa watu bila kupewa. Siku utakapoiwasha, doria yangu itaona mwanga kwenye nyufa za madirisha, nami nitakuja na mbuzi. Ila usinikalishe sana, mzee."

Alipotoka tulingoja walinzi wamalize mapapai. Kisha Mama Aziza akapiga paja. "Feruzi! Umeomba kitu chenye wao peke yao iko nacho!" Na ilikuwa kweli. Mjini hapakuwa na mawe mapya ila yale yaliyoshuka na ndege za askari. Mjomba alitafuta kizuizi ambacho hakuna atakayekiruka, akachagua kile ambacho watu wa aina moja tu wangekivuka bila kutoka jasho. Alichukua kawa, lile la ukindu la kufunikia sahani, akaifunika tochi pale pale ilipowekwa, bila kuigusa.

Wiki zilizofuata simtakii hata adui. Kuirudisha ilikuwa ni kumtukana kamanda, kuiwasha ilikuwa ni kunitoa. Basi ikakaa. Tulikula tukilitazama kawa lisilofunika chakula. Tulijikwaa kwenye mabeseni, tukajimwagia maji ya moto, Mama Aziza alikosa ngazi ya mlango akaanguka kwa magoti na mimba yake, na wakati wote huo mezani kulikuwa na mwanga wa kutosha mtaa mzima. Wageni waliokuja walilitupia kawa jicho, halafu wakanitupia mimi. Wengine walisema heri kamanda, ataulisha ukoo chumvi. Wajomba wengine wangekubali. Nilikuwa namwona mjomba wangu akilizunguka lile kawa mikono yake ikiwa nyuma, kama mtu anayepita karibu na mbwa asiyemwamini. Mimi sikulala, sikukaa. Nilitembea kutoka mlango wa mbele hadi wa uani, nikarudi, mpaka Mama Aziza akasema nitatoboa sakafu. Asumani hakuwa ameleta habari yoyote.

Uchungu ulimshika Mama Aziza alasiri moja ya mvua, mawingu yameshuka mpaka mji ukawa kama ndani ya chungu. Tukamwita Bibi Zaina, mkunga wa mtaa, akaja amejifunika mfuko wa plastiki kichwani. Mwanzoni alifanya kazi kwa kibatari. Upepo ukakizima, tukakiwasha, bati likavuja juu yake, kikafa kabisa na mawese yakamwagika. Tulimsikia Mama Aziza akiwa hapigi kelele tena, na hilo ndilo lililotutisha.

"Munipe mwangaza!" Bibi Zaina akapaza sauti. "Damu iko natoka na sioni kwenye inatokea!"

Mjomba alikuwa amesimama kwenye mlango wa sebule, mgongo wake kwetu. Alijua ninachokifikiria kabla sijakifikiria. "Mwamini," akaniita kwa jina langu, "torshi hapana. Nimesema hapana." Mke wake yuko mle ndani, mtoto wake yuko mle ndani, na anasema hapana. Na kutoka kwenye mkeka, kwa sauti ndogo kama ya mtu aliye mbali, Mama Aziza naye akasema, "Usiguse, mutoto wangu." Nimewahi kupendwa na watu wengi maishani, namshukuru Mungu, lakini sijapendwa tena hivyo. Nilikwenda mezani, nikalitupa kawa pembeni, nikaichukua tochi na kuibonyeza. Sikuona mtu mwingine yeyote mwenye haki ya kuamua. Niliingia nayo chumbani, nikapiga magoti, nikammulikia Bibi Zaina mikono yake mpaka alipoona pa kushika na pa kukaza kitambaa. Mwanga ukacheza ukutani, akanigombeza, nikaishika tochi kwa mikono miwili. Mtoto wa kike akatoka, akanyamaza, akapigwa makofi, akalia. Mama Aziza akauliza saa ngapi. Ni hapo tu ndipo nilipokumbuka madirisha, na nyufa zake, na barabara iliyo nje.

Mjomba hakunigombeza. Aliingia, akamtazama mke wake, akamtazama mtoto, akaniambia, "Umewasha vizuri." Usiku ule, kwa mvua, hakuja mtu; kulipopambazuka alinipeleka kwa Bibi Zaina, akanificha chumba cha nyuma kati ya magunia matupu ya mpunga, kisha akaifunga tochi kwenye kitambaa ili kiganja chake kisiiguse, akaenda nayo kambini kabla kamanda hajaja na mbuzi zake. Yaliyotokea huko alitusimulia jirani aliyekuwa akipika kambini, maana mjomba mwenyewe hakuyasimulia hata mara moja. Alimwambia kamanda: "Nimerudisha taa yako. Imetuonyesha mutoto, Mungu akulipe. Lakini huyu musichana siwezi kukupa." Kamanda akasema, mbona iliwashwa, doria imeona. Mjomba akajibu kwamba aliyeiwasha ni mwenye shida, mkono wa mjomba haukuipokea. "Mkono upi huo?" kamanda akauliza, bado kwa upole. Mjomba akaunyoosha. "Huu." Wakaulaza juu ya kasha la risasi, wakauvunja kwa kitako cha bunduki.

Askari walikuja kunitafuta, wakapekua nyumba, wakala kuku waliobaki, wakaondoka. Tulingoja warudi. Hawakurudi, kwa sababu kamanda alihamishwa kwenda kwenye mapigano mengine, vita ikamwondoa kama ilivyomleta. Mkono wa mjomba aliufunga fundi wa mifupa, ukapona vibaya, vidole vimejikunja kama vya mtu anayeshika mpini usiokuwepo. Alijifunza kula kwa kijiko kilichofungwa kamba. Waliomwosha juzi wameniambia walijaribu kuvinyoosha vidole vile kabla ya kumvika sanda, vikakataa, wakaviacha.

Asumani alirudi njia zilipofunguliwa. Alikuwa amekonda, amekaa miezi Lubutu hana pa kupita, lakini alikuja na tochi mpya, ya plastiki ya kijani, na mawe yakiwa bado na karatasi yake. Watu wakajaa uani. Hakujua habari ya mkono, hakuna aliyepata ujasiri wa kumwambia. Alisimama mbele ya mjomba, akaitoa kwa mikono miwili. Mjomba akanyoosha mkono wa kushoto.

Manung'uniko yakaanza pale pale. Mzee mmoja wa upande wa Asumani akasimama. "Feruzi, mahari kwa mukono wa kushoto? Hii njo matusi. Huyu mutoto ataingia kwetu na mukosi."

Asumani aliutazama mkono wa kuume uliokuwa umelala juu ya kanzu, akaelewa, akafumba macho. Mjomba hakuinua sauti.

"Ule wa kuume ulishamaliza kazi yake juu ya huyu mutoto," alisema. "Ulikataa. Muache wa kushoto ukubali."

Yule mzee akaketi. Mjomba akabonyeza kwa kidole gumba, kwa taabu, mara ya kwanza ikateleza, mara ya pili ikawaka. Mwanga ukanipiga machoni katikati ya mchana na sikuweza kumwona tena. Nilimsikia tu akisema, "Nimekuona." Mwaka mzima nilikuwa nimeungoja mwanga ule unitoe katika nyumba yake, na sasa sikutaka auzime.